Nilimchongea Mwalimu wa Namba, Kisha Nikalia Mbele ya Kamera

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia mtu mwingine wa kumlaumu. Hakuna shetani aliyenipitia. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimejifunga khanga, nimesimama mlangoni kwangu saa tatu asubuhi, jua limetoka.

Kaa hapo ndugu yangu nikueleze. Hili jambo nimelibeba mpaka limenichosha.

Huyo mtu nitamwita Bwire. Si jina lake. Jina lake halisi wanaolijua wanalijua, na mimi kulitaja tena kwa mdomo huu huu sioni kama nina haki.

Tulikuwa tunakaa Kitaji, hapa Musoma. Nyumba ilikuwa ya mume wangu, aliachiwa na baba yake. Uani kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na mpangaji wetu alikuwa Bwire, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kwao ni Kibara, kule ziwani. Mrefu, mwembamba, hana mke, hana kelele. Alikuwa anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na mimi alikuwa ananiita shemeji.

Alikuwa amerudi vitani, ile vita ya Kagera. Wenzake walirudi na makovu na hadithi za kusimulia vilabuni mpaka jogoo awike. Yeye alirudi mzima, hana hata mkwaruzo. Ukimuuliza alikuwa anafanya nini huko, anakwambia, "Nilikuwaga upande wa redio."

"Ukifanya nini?"

"Nasikiliza tu."

Watu walikuwa wanamcheka, jamani! "Wenzako wanapigwa mabomu, wewe unasikiliza muziki!" Na yeye anacheka nao. Hakuwahi kujitetea hata siku moja. Mimi nilikuwaga nacheka kuliko wote.

Lakini kichwa alichokuwa nacho yule mtu! Nikupe mfano mmoja. Pale shuleni kwake wanafunzi walikuwa wanaandikiana vijibarua kwa alama walizojitungia wenyewe, vimistari na viduara, ili mwalimu akikamata asielewe. Siku moja mkuu wa shule akakamata kimoja. Akakasirika kweli, akadhani wanapanga mgomo. Kikazungushwa ofisini kwa walimu wote, hakuna aliyeweza kukisoma. Bwire akakichukua, amesimama vile vile na kikombe cha chai mkononi, akakiangalia kama dakika tano hivi. Akatabasamu.

"Hakuna mgomo, mkuu. Ni mapenzi."

"Nani kaandika? Anasema nini?"

"Hiyo sasa ni ya wenyewe." Akakichanachana, akatia mfukoni.

Najua habari hiyo kwa sababu aliyekiandika alikuwa mtoto wa dada yangu. Alikuja kwangu mbio, akaniambia, "Mama mdogo, yule mwalimu si mtu wa kawaida." Bwire alimkuta uani kwetu jioni ile ile, hakumgusia hata neno.

Huyo ndiye mtu niliyemchongea.

Sasa turudi kwenye miaka yenyewe. Wewe kama ulikuwa mkubwa unaikumbuka. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Mtu anafua kwa majani ya mpapai. Duka la ushirika likipata mzigo, foleni inazunguka mpaka barabarani, na ukifika mbele unaambiwa imeisha. Mume wangu akaingia magendo. Alikuwa anakwenda mpakani Sirari, anarudi na mzigo kwa baiskeli kwa njia za panya. Sukari, mafuta ya kupikia, miche ya sabuni.

Siku moja alirudi na mzigo mzito, gunia mbili na katoni za sabuni, baiskeli imepinda. Ilikuwa alasiri, uani hakuna mtu ila Bwire anafua. Mume wangu hawezi kushusha peke yake. Bwire akanyanyuka, akafuta mikono, akashika gunia upande mmoja, wakaingiza ndani mpaka chini ya kitanda chetu. Hakuuliza kitu. Nilimpa mche mmoja wa sabuni, akakataa. Akasema, "Nimeshasuuza, shemeji."

Kwa hiyo alijua. Hilo lishike.

Haikupita muda mrefu, ikatangazwa redioni kuwa wahujumu uchumi wanasakwa nchi nzima. Ee Mungu wangu! Musoma ilitetemeka. Watu walimwaga sukari chooni. Watu walitupa vitenge ziwani, asubuhi unaviona vinaelea kama magugu. Mume wangu alikuwa amekwenda Bunda kutafuta mtu wa kumpa ule mzigo auhamishe. Mimi nimebaki na watoto watatu na gunia mbili chini ya kitanda.

Ndiyo asubuhi hiyo wakaja. Mgambo watatu, na balozi wetu wa nyumba kumi mbele yao. Nyumba ya jirani walikuwa wameshatoka, wamebeba redio ya watu na vitambaa. Nikasimama mlangoni.

"Mama, tupishe tuangalie ndani," balozi akasema. Hata yeye hakupenda ile kazi, nilimwona usoni.

Nilijua wakiingia tu, mume wangu kaisha, na mimi nimeisha. Nikafungua mdomo. Hata sikufikiri, au labda nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani.

Nikasema, "Mnakuja kunisumbua mimi mwenye watoto, na yule wa uani hamumwoni?"

"Yupi?"

"Mwalimu. Kila siku redio iko sikioni, anaandika namba tupu, madaftari kwa madaftari. Mtu mzima anaandika namba za nini? Hata mke hana. Mmeshamuuliza anaongeaga na nani ng'ambo?"

Ndugu yangu, nilijua ile redio haina mdomo! Ilikuwa redio ya kawaida ya kusikilizia taarifa ya habari. Na zile namba nilishamuuliza zamani, akanijibu kwamba kichwa chake hakitulii bila kazi, kwa hiyo anajitungia mafumbo ya namba na kuyafumbua. "Namba zina tabia, shemeji," alinambia. "Ukizivumilia zinasema zenyewe." Nilijua. Nilijua yote.

Wakaniacha pale mlangoni, wakazunguka uani.

Ilikuwa Jumamosi, walimkuta amekaa kwenye kigoda anachagua mchele. Wakaingia chumbani kwake, wakatoka na madaftari mpaka wakakosa pa kuyashika. Mmoja wa mgambo akafungua, akaona kurasa zimejaa namba, tano tano, tano tano, hakuna hata neno moja. Macho yakamtoka.

"Hii namba ni ya nini?"

"Ni mazoezi yangu."

"Mazoezi ulifundishwa na nani?"

Bwire akaweka ungo wa mchele chini.

"Tunakuuliza! Hii mambo ulijifunza wapi?"

"Hilo siwezi kusema," akajibu. Taratibu kabisa, kama anaongea na wanafunzi. "Mnisamehe, siwezi."

Basi. Pale pale ikawa jasusi. Kofi la kwanza nililisikia nikiwa jikoni.

Walipomtoa kupita kwenye ukumbi wangu, aliniangalia. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Shemeji, nimebandika maharage nyuma huko. Naomba uniepulie yasiungue."

Nikaepua. Nilifanya hilo moja. Hata kuyala sikuweza, yakachacha nikayamwaga.

Nyumba yangu hawakuipekua. Walipata samaki mkubwa, watafute dagaa wa nini? Mume wangu aliporudi alasiri nikamweleza. Alishika kichwa, halafu akasema, "Umetuokoa." Na mimi nikafurahi! Sukari tukaimwaga, sabuni tukaificha vizuri zaidi. Tulifulia sabuni ile karibu mwaka mzima. Watoto wangu walikwenda kanisani na mashati meupe.

Bwire alikaa ndani miezi mingi. Wengine walisema kapelekwa mbali, wengine wakasema hatarudi. Mimi chumba chake nikakipangisha kwa mtu mwingine. Nikavifunga vitu vyake kwenye shuka, nikaweka stoo.

Alirudi siku moja mchana. Sikumtambua. Shati linaning'inia, na kila nikisema neno anageuza uso upande, ananitegea sikio la kushoto. La kulia walilipiga mpaka likafa. Yule mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza!

Nikamletea furushi lake mlangoni. Sikumkaribisha hata maji.

"Ahsante kwa kunitunzia vitu, shemeji," akasema.

"Shuleni je? Watakurudisha?"

"Wamesema jina langu limeshafutwa." Akatabasamu lile tabasamu lake. "Nitarudi nyumbani kwa mama. Huko nyavu haziulizi cheti."

Akaondoka na furushi lake, mimi nimeshika mlango. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Hatua kumi tu. Sikumwita.

Kule Kibara akawa fundi wa kushona nyavu za wavuvi. Nilikuwa nasikia habari zake kwa wauza samaki wanaokuja Musoma. Eti watu wanamwita Jasusi. Eti wazazi wanakataza watoto wasipite uani kwake. Mtu ambaye angefundisha hesabu watoto wa mkoa mzima anashinda anafunga mafundo, anahesabu matundu. Baada ya miaka michache nikasikia amekufa. Homa, siku nne tu. Aliyeniambia alikuwa mwanamke anayeniuzia sato sokoni, huku anapara magamba.

Sikwenda kuzika. Nilinunua sato wangu nikarudi nyumbani.

Mambo yakabadilika, wewe mwenyewe uliona. Ikawa ruksa. Vile vile vitu ambavyo watu walifungwa kwa ajili yake vikaanza kuletwa kwa malori mchana kweupe. Mume wangu akafungua duka barabara kubwa. Sabuni ikapangwa dirishani, imejengwa kama mnara, watu wanapita wanaisifu. Tukajulikana. Mimi nikawa mweka maua kanisani, mwimba sauti ya kwanza, mama wa heshima.

Ndipo akaja yule dada wa kamera.

Ni mtoto wa Butiama, alisomea mambo ya picha ng'ambo. Baba yake ni afande mstaafu, na vitani ndiye aliyekuwa mkubwa wa kina Bwire. Mzee alikuwa amezeeka, akaona hataki kufa na ile siri. Akaomba ruhusa kwa wakubwa zake wa zamani, akaruhusiwa, akamwambia binti yake: mtafute kijana wangu mmoja wa Kibara, huyo mtu alituokoa. Binti akaenda Kibara, akakuta kaburi. Akaamua atengeneze sinema ya maisha yake. Sinema kabisa, yenye watu wa kuigiza na watu wa kuhojiwa.

Akafika kwangu, kwa sababu alikuwa mpangaji wangu.

Nilitaka kukataa. Mume wangu ndiye aliyesema, "Kubali bwana, na kamera ikuchukue hapa hapa dukani. Ni tangazo la bure hilo."

Nikavaa kitenge changu kipya. Nikakaa. Taa ikawashwa usoni. Yule dada akaniuliza kwa upole, "Mama, unamkumbukaje mwalimu?"

Na mimi, laana ya mdomo huu, nikaanza: "Alikuwa kama kaka yangu. Nilikuwa nikijua kabisa huyu si mtu wa kawaida. Siku walipomchukua nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Nilimkimbilia na uji kwenye kikombe, nikawaambia mgambo, mwacheni anywe. Na alipofungwa nilikuwa nampelekea chakula."

"Nani aliyemchongea, mama? Mliwahi kujua?"

"Watu wabaya hawakosekani," nikasema. Na machozi yakatoka! Machozi ya kweli kabisa, yanatiririka. Sijui yalikuwa ya nini. Yule dada alinishika bega akaniambia, "Pole mama, Mungu atakulipa."

Atanilipa! Naam, alinilipa.

Mkanda ulipokamilika ukaonyeshwa hapa Musoma, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi ulioazimwa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, jenereta inanguruma nje, televisheni mbili kubwa zimewekwa juu ya meza. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikapewa kiti cha mbele, kwa sababu nimo. Viti vitatu kutoka kwangu alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, amevaa gauni la kijani na kitambaa kichwani. Nikaambiwa ndiye mama yake Bwire, kaletwa kutoka Kibara.

Sinema ikaanza. Kijana aliyemwigiza alikuwa mrefu, mwembamba. Yupo kwenye hema, vyuma vya kusikilizia viko masikioni, penseli mkononi. Afande mwenyewe akatokea anaeleza. Adui alikuwa anatuma habari zake hewani kwa namba tupu. Vijana wetu wengi, wasomi wazuri, walishindwa kuzifungua kwa sababu walikuwa wanatafuta ndani yake Kiingereza, au Kiswahili safi cha vitabuni.

"Bwire akaniambia," afande akasema, "afande, hawa ni askari kama sisi wa bara. Kiswahili chao kitakuwa kibovu kama changu. Tutafute Kiswahili kibovu."

Ukumbi mzima ukacheka. Watu wa Mara tunajijua!

Halafu akaona kitu. Kila mwisho wa wiki kulikuwa na fungu moja la namba linajirudia, alasiri ile ile. Akajiuliza, askari aliye porini anaomba nini kila wiki bila kuchoka? Sigara. Akaliweka neno sigara juu ya zile namba. Likaingia. Kutoka kwenye sigara akapata herufi, kutoka kwenye herufi akapata maneno, siku ya nne akawa anasoma barua za adui kama gazeti. Daraja lililotegwa mabomu alilijua kabla kikosi hakijafika. Vijana wetu wakapita kwingine, wakaishi. "Na nikamwapisha," afande akasema, sauti ikaanza kumkatika. "Nilimwambia jambo hili usimwambie mtu mpaka ufe. Sikujua kwamba kiapo changu ndicho kitakachomfunga mdomo mbele ya mgambo."

Lakini kubwa lilikuwa bado.

Akatokea mzee mmoja mwenye upara, aliyefungwa naye chumba kimoja. Akasema hivi, nayakumbuka yote: "Walikuwa wanamtoa kila asubuhi. Mwishoni walichoka, wakamwambia, basi haya ya namba tuachane nayo. Wewe taja tu jirani yako mmoja mwenye bidhaa za magendo, mmoja tu, tunakuachia leo urudi ukafundishe. Alirudi chumbani nikamuuliza, umetaja? Akasema hapana. Nikamwambia, wewe mjinga, huna hata mmoja unayemjua? Akasema, ninaye. Lakini ana watoto watatu."

Ana watoto watatu.

Ndugu yangu, kama ardhi ingefunguka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Gunia alilibeba kwa mikono yake. Neno moja tu lingemtoa. Sikio lake lingepona! Akalimeza lile neno, akawaacha waendelee kumpiga.

Na baada ya hapo tu, kwenye televisheni zote mbili, nikatokea mimi. Kitenge kipya, sabuni nyuma yangu imejengwa kama mnara. "Alikuwa kama kaka yangu." Halafu msichana mzuri aliyeniigiza akakimbia na kikombe cha uji, mgambo anamsukuma, uji unamwagika. Ukumbi mzima ukalia. Watu wakawa wananigeukia, wananipigia makofi!

Taa zilipowashwa, yule bibi akanyanyuka. Akanishika mikono yote miwili mbele ya watu. Mikono yake ilikuwa migumu, inanuka dagaa.

"Mwanangu," akasema, "nililala miaka yote nikifikiri mtoto wangu hakuwa na mtu hata mmoja siku ile. Kumbe ulikuwepo wewe." Akamwita mtu, akaletewa kapu, ndani kuna kuku mweupe amefungwa miguu. "Sina kitu kingine. Pokea."

Nikapokea. Nikapiga goti nikasema ahsante mama.

Na Jumapili tukamla. Mume wangu alisifu, eti amenona.

Kuanzia siku ile kanisani wenzangu walipokwenda kwenye meza ya Bwana mimi nilibaki kwenye benchi, nasingizia tumbo. Jumapili ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikatoka kabla ibada haijaisha, nikapanda gari la Bunda, nikaunganisha la Kibara. Nilikuwa bado nimevaa joho la kwaya.

Nilimkuta bibi anaanika dagaa juu ya nyavu kuukuu. Akafurahi kuniona, akataka kunitafutia kiti. Nikamwambia usinitafutie kiti, mama. Nikasema yote. Mlangoni, mgambo, gunia, uji ambao haukuwepo. Nilisema nimesimama juani, yeye mikono imeshika dagaa.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, pale pale kwenye mchanga.

"Na maharage?" akauliza baadaye. Sikujua anajua. "Aliniambia kuna mwanamke alimwepulia maharage. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akatikisa kichwa. Akawa anapangusa mchanga mikononi, taratibu, mpaka nikatamani anipige.

"Ile ya mgambo ulikuwa na woga," akasema. "Woga naujua. Hiyo nitamwomba Mungu anisaidie. Lakini kuku wangu ulimpokea kwa mikono miwili, ukanipigia goti. Hapo ulikuwa unaogopa nini?"

Nikaangalia joho langu la kwaya. Mpaka leo najiuliza hilo.

"Ulidanganya mbele ya watu," akasema. "Nenda ukaseme mbele ya watu. Usiniletee mimi peke yangu hapa kwenye dagaa."

Nikaenda Butiama kwa yule dada wa kamera. Nilipomwambia alizima mashine yake, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuniita mama tena. Akasema, "Kaa hapo. Anza upya."

Akaikata ile sehemu ya uji, akaitupa. Akaweka niliyosema safari hii, bila kitenge, bila mnara wa sabuni. Mkanda mpya ukaonyeshwa Bunda. Nilikwenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Uso wangu ulipotokea na maneno yakaanza, ukumbi ulichafuka. "Shetani!" "Muuaji!" Mtu mmoja akarusha kiatu kikagonga televisheni. Kelele zikawa kubwa mpaka sauti yangu mwenyewe siisikii. Bibi alikuwa amekaa mbele. Akanyanyuka, yule bibi mdogo, akageukia watu, akainua mkono.

"Nyamazeni," akasema. "Mwacheni amalize."

Wakanyamaza. Nikamaliza.

Hakunisalimu baada ya hapo. Alipita mbele yangu akaenda kupanda gari la kwao. Sijamlaumu.

Mume wangu amehamia Buhare, alisema nimemuanika mbele ya wateja. Duka limebaki na wateja wa macho tu, wanaokuja kunitazama na kuondoka. Kwaya wamenambia nipumzike kwanza. Binti yangu mkubwa ananisalimia kwa barua. Yeye ni mmoja wa wale watoto watatu. Aliniandikia neno moja tu lililonichoma, "Mama, kumbe alipigwa kwa ajili yangu." Naandika haya kwa ajili ya ninyi msiouona ule mkanda, na jina langu silifichi kwa aliyeuona. Hapa nimeliacha kwa sababu yake huyo binti, ana nyumba yake sasa na wakwe.

Basi nisikilize wewe unayesoma. Siku itakuja utabanwa mlangoni kwako, utaona njia moja nyepesi, kunyoosha kidole kwa mtu asiye na mtetezi. Yule mpole. Yule asiye na mke. Yule mnayemcheka kwa sababu hajisifu. Usinyooshe! Hujui amebeba nini kwa ajili yako.

Na ukishateleza, usikae nalo. Usisubiri akili itulie, usisubiri watoto wakue, usisubiri mambo yabadilike. Mkimbilie siku ile ile, hata kama umevaa khanga moja, umwambie ni mimi. Akutukane, akupige, lakini awe hai anakusikia.

Mimi nilichelewa kwenda kumwambia Bwire. Nikamkuta mama yake.